Kutoka Kuchonga hadi Kuunda: Bwato wa Papi na Msamiati Wake

1. Utangulizi

Husemwa mara kwa mara katika kumbi za mihadhara za Lubumbashi kwamba Kiswahili ni lugha ya soko, ya wimbo na ya sala, na kwamba kikifika mezani pa fundi hulazimika kukopa. Wasemao hivyo hawakosi ushahidi. Seremala wa mjini akiulizwa majina ya zana na vifaa vyake, aghalabu hutaja rabot, scie, colle na planche, ilhali randa, msumeno, gundi na ubao ni maneno ya kawaida kabisa katika kamusi za Kiswahili. Kutoka katika ukweli huo mdogo hutolewa hitimisho kubwa, yaani kwamba mwongozo wa ufundi hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili bila kila sentensi kuegemea Kifaransa.

Makala haya yanakusudia kulipima hitimisho hilo kwa kazi moja mahususi: kuunda nyumbani chombo chepesi cha majini kwa kuunganisha papi nyembamba za mbao. (Msomaji wa Lubumbashi atalisamehe neno makala, ambalo jikoni kwake halimaanishi kinachosomwa bali kinachowaka. Uhusiano wa makala ya jikoni na jambo linalojadiliwa hapa utaonekana baada ya muda mfupi.) Kazi hiyo imechaguliwa kwa sababu ina hatua nyingi zinazotegemeana, na kwa sababu ndani yake neno lisilo sahihi lina gharama: asiyeelewa tofauti ya kuunga na kuziba atajikuta majini. Aidha, imechaguliwa kwa sababu ya miti. Katika nchi iliyo kati ya Lubumbashi na mto Luapula, njia ya kale ya kupata chombo imekuwa kuangusha mti mkubwa na kuuchonga, nayo miti ya aina hiyo haipatikani tena kwa urahisi.

2. Bwato na mtumbwi

Chombo cha gogo moja huitwa mtumbwi katika Kiswahili Sanifu. Katika Kiswahili cha Katanga jina lililozoeleka ni bwato. Wapo walimu wanaolisahihisha neno hilo kwa wino mwekundu wakidhani ni uchafu ulioingia kutoka lugha za jirani. Kabla ya kuushika wino huo inafaa kutazama jinsi neno lilivyoenea. Wabemba husema ubwato, wingi wake amato. Waluba husema bwato. Kinyarwanda na Kirundi vina ubwato na amato. Lingala ina bwato, wingi wake mato. Na mbali zaidi kaskazini-mashariki Waganda wana eryato na amaato. Mlingano wa namna hiyo si wa bahati nasibu. Katika taaluma ya Kibantu linganishi, ambayo Malcolm Guthrie aliitungia kitabu chake kikubwa kati ya 1967 na 1971, neno hili huhesabiwa miongoni mwa yale ya kale yaliyorithiwa na lugha nyingi za jamii hiyo.

Kwa hiyo hali halisi ni kinyume cha ile inayodhaniwa. Lugha ya watu wa pwani, ambao maisha yao yote ni bahari, haina neno hilo la kale katika matumizi yake ya kawaida, na badala yake ina mtumbwi, dau, ngalawa, mashua, jahazi na mengineyo, kila moja kwa umbo lake. Bara, panapodhaniwa kuwa pameazima kila kitu, ndipo palipohifadhi urithi. Neno kafi nalo linatoa ushahidi wa aina nyingine: Kiswahili Sanifu husema kafi, Kibemba inkafi, Luganda enkasi. Hapo pwani na bara hazikuachana kabisa. Mvuvi wa Luapula na mvuvi wa Pemba hupiga maji kwa neno moja.

Tatizo lililopo ni la upatanisho wa kisarufi, si la uhalali. Mitaani Lubumbashi watu husema bwato ya, kama wasemavyo karibu kila nomino isiyo ya mtu. Katika maandishi rasmi njia iliyo nyoofu ni kulifuata umbo lenyewe: bwato huu, mato haya, sawasawa na ugonjwa huu, magonjwa haya. Ndiyo njia itakayotumika katika kurasa hizi.

3. Hesabu ya gogo

Mti uliopendwa kwa kuchonga mato katika misitu ya miombo ni mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, na pamoja nao mupapa, yaani mkongo. Yote miwili hutoa mbao ngumu zisizoharibiwa upesi na maji wala wadudu, na yote miwili hukua polepole. Bwato wa gogo wenye urefu wa mita 5 unahitaji shina lililonyooka lenye kipenyo cha sentimita 70 hivi. Ujazo wa shina hilo ni karibu mita za ujazo 1.9. Shoka na tezo huondoa sehemu kubwa ya ujazo huo, nayo huishia kuwa vibanzi na kuni.

Bwato wa papi wenye urefu huohuo una gamba la eneo lipatalo mita za mraba 6. Papi zikiwa na unene wa milimita 6, mbao iliyomo katika gamba lote ni mita za ujazo 0.036. Msumeno nao hula sehemu yake: ukila milimita 3 kwa kila mkato, theluthi moja ya ubao inageuka unga. Hata ukiongeza unga huo, pamoja na kingo, viti na miti ya kukingama, mbao iliyotumika haizidi mita za ujazo 0.09. Maana yake ni kwamba shina moja la kuchonga bwato mmoja lingetosha, likipasuliwa vizuri, kuunda mato ishirini. Na kuna jambo la maana kuliko hilo: papi hazihitaji shina kubwa. Fundi anaweza kuzipasua kutoka mbao fupi na nyembamba, akaziunga ncha kwa ncha, na hivyo mti wa kupandwa, ambao mchonga mato asingeutazama mara mbili, ukawa na kazi.

Hapa ndipo makala ya jikoni yanapoingia. Mji wa Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, hupikia makala kwa sehemu kubwa sana, na misitu inayouzunguka imekwisha kukatwa kwa ajili hiyo mbali na mji. Baadaye yakaja mahitaji ya nje ya nchi. Mukula, mti wa jamii moja na mulombwa, ulitafutwa mno na wafanyabiashara wa mbao nyekundu zinazosafirishwa kwenda Asia, hata mwaka 2019 ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mchonga mato hakuwa sababu ya uharibifu huo, kwani mahitaji yake ni kidogo. Lakini ni yeye anayebaki bila shina.

Haijasemwa kwamba Katanga ilingoja hadi leo kuona chombo cha mbao zilizounganishwa. Katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga makao Kasenga, wakawa wanapeleka samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru hadi Elisabethville kuwalisha wafanyakazi wa migodi, na mashua zao zilikuwa za mbao na zenye injini. Tangu hapo mashua ya mbao nene, iliyopigiliwa misumari na kuzibwa kwa pamba na lami, imekuwa jambo la kawaida katika maziwa mengi ya Afrika. Ni chombo kizuri cha mizigo. Ni kizito, hata hivyo, na mishono yake hufunguka kila mara mbao zinapokauka, kiasi kwamba chombo kilichokaa ufukweni wakati wa kiangazi huvuja siku za kwanza kirudipo majini.

4. Vitenzi vitatu

Kiswahili hakichanganyi kazi hizi. Mtumbwi huchongwa, nyumba hujengwa, jahazi huundwa. Kuchonga ni kuondoa: umbo limo ndani ya mti, na fundi hutupa kisichotakiwa. Kujenga ni kupandisha juu ya ardhi kitu kitakachokaa palepale. Kuunda ni kukusanya vipande, kila kimoja kwa umbo lake, na kuvifanya viwe kitu kimoja chenye kustahimili nguvu kutoka pande zote.

Mwanafunzi wa isimu hutumia kitenzi hicho cha tatu kila siku bila kukumbuka kilikotoka. Muundo wa sentensi, uundaji wa maneno, kuunda istilahi: yote haya ni maneno ya gatini. Kamusi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20 hulifasiri neno unda kwanza kabisa kwa kazi ya kutengeneza vyombo vya baharini, na kiunzi kilikuwa ni mifupa ya chombo kabla ya kuwa mifupa ya hoja. Basi mwalimu anayedai kwamba Kiswahili hakina lugha ya ufundi analitoa dai hilo akiwa amekalia ubao wa jahazi.

Akiba ya maneno hayo ilikusanywa zamani, na kwa bahati njema imekusanywa pia kwa lugha ambayo msomaji wa Kongo anaisoma bila shida. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939, ina hazina kubwa ya msamiati wa vyombo, na mara nyingi huonyesha lahaja ambamo neno limesikika. Utafiti wa A. H. J. Prins kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu, uliochapishwa mwaka 1965, unayaonyesha maneno ya namna hiyo yakiwa kazini. Humo mna mkuku, ubao mnene wa chini unaobeba chombo chote. Mna mataruma, mbavu zinazoshikilia mbao kwa ndani. Mna hanamu, mti wa mbele unaopasua maji, na fashini ya nyuma inayobeba usukani. Mna omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Mna pia kukalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba na mafuta. Neno hili la mwisho limetoka Kiarabu, na Kiarabu hichohicho ndicho kilichowapa Wafaransa calfater. Mwanafunzi anayeliona moja kuwa la kisayansi na jingine kuwa la kishamba anatofautisha watoto wa mama mmoja.

Kwa upande wa mbinu, ndugu wa karibu wa bwato wa papi hapatikani katika jahazi la misumari bali katika mtepe, chombo cha kale cha Lamu na cha pwani ya Wabajuni. Mbao za mtepe zilishonwa ukingo kwa ukingo kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Gamba lilitangulia, mataruma yakafuata. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20. Nakala yake iliundwa Zanzibar kuanzia mwaka 2003 katika Jumba la Maajabu, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Waganda nao, katika ziwa Viktoria, walishona mbao za mitumbwi yao mikubwa juu ya mkuku wa mti mmoja. Kwa hiyo wazo la kuunganisha mbao ukingo kwa ukingo na kuliacha gamba libebe kazi si geni katika eneo hili. Kilichobadilika ni uzi.

5. Kazi yenyewe

Mbinu inayoelezwa hapa ilikulia Amerika ya Kaskazini. Umbo lake ni la mitumbwi ya magome ya miti iliyoundwa na wenyeji wa asili wa huko. Papi zilianza kutumiwa na mafundi wa Peterborough, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, katika karne ya 19. Na kitambaa cha nyuzi za kioo kiliongezwa katikati ya karne ya 20. Kitabu cha Ted Moores, Canoecraft, kilichotoka mwaka 1983, kiliifikisha kazi hiyo katika mabanda ya watu wasio mafundi. Hatua zake zinaweza kusimuliwa kwa Kiswahili kama ifuatavyo.

Kwanza ni kalibu. Bwato huundwa juu ya umbo la muda, nalo hupatikana kwa kukata vibao vya tabaka, vile ambavyo Lubumbashi huitwa triplex, kila kimoja kwa umbo la mkato mmoja wa bwato. Kalibu za katikati ni pana, za kuelekea ncha ni nyembamba. Kwa bwato wa mita 5 kalibu 15 hivi hutosha, zikisimamishwa juu ya boriti iliyonyooka kwa nafasi ya sentimita 30. Neno kalibu limechaguliwa kwa makusudi badala ya fremu: fremu hubaki ndani ya kitu, bali kalibu hutoa umbo kisha huondolewa. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina ndugu katika Kifaransa, calibre, ambalo kila fundi wa karakana za Lubumbashi analijua. Katika hatua hii haraka ni adui. Kalibu iliyopinda kwa nusu sentimita itaonekana katika bwato uliokwisha kama kidonda kilichopona vibaya. Mzoefu huchutama mwisho wa boriti, akafumba jicho moja, akatazama mstari wa kingo zote kabla ya kugusa gundi. Kingo za kalibu hufunikwa kwa utepe wa plastiki ili gundi isizishike.

Kalibu husimamishwa kichwa chini, kwa hiyo bwato huundwa kifudifudi. Katika kila ncha huwekwa hanamu, iliyopatikana kwa kugundisha vipande vyembamba vilivyokunjwa katika mvuke au maji ya moto. Fashini haipo, kwa sababu chombo hiki hakina usukani na ncha zake mbili zinafanana. Mahali pa kiti cha nyuma ndipo panapoamua ipi ni omo na ipi ni tezi.

Zifuatazo ni papi. Upapi ni pao refu na jembamba, na hapa kipimo chake ni milimita 6 kwa unene na 19 hivi kwa upana. Wengine wangependelea kusema fito, neno linalojulikana zaidi, lakini ufito humkumbusha msomaji mti wa mviringo wa ukuta wa udongo, na bwato wa fito ungeeleweka kuwa kitu kama tenga. Papi hupasuliwa kwa msumeno wa duara. Kwa kuwa umeme hukatika, ni busara kupasua zote siku moja katika karakana yenye jenereta kuliko kuanza na kuacha. Ukingo mmoja wa kila upapi hupewa mgongo wa mviringo na wa pili hupewa kijifereji, ili upapi ukae juu ya mwenziwe hata pale gamba linapojikunja. Asiye na mashine ya kazi hiyo huacha kingo zikiwa za mraba na kuzilaza kwa randa ndogo, upapi kwa upapi. Ni kazi ya subira, ila haina siri.

Upapi mfupi huungwa na mwingine kwa mkato wa mshazari ambao urefu wake ni mara nane ya unene, yaani milimita 48 kwa upapi wa milimita 6. Mkato ulio mfupi kuliko huo hukatika upapi unapopindishwa. Upapi wa kwanza huwekwa penye ukingo wa bwato, kisha papi hupanda kuelekea tumboni, pande zote mbili kwa zamu ili nguvu zilingane. Gundi hupakwa katika kijifereji, upapi hukazwa kwa jiliwa au kushikwa na misumari midogo ya muda inayopigwa katika kalibu, nayo hung'olewa gundi ikishika. Papi zipatazo sabini zitapita mikononi. Upapi wa mwisho, ule wa katikati ya tumbo, ndio unaopima unyenyekevu wa fundi, kwa maana pengo lake si sawa kwa urefu wote, na hakuna kipimo cha kuandika: hurandwa, hujaribiwa, hurandwa tena.

Gamba likikamilika hulainishwa kwa randa na msasa. Kisha kitambaa cha nyuzi za kioo, chenye uzito wa gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, hutandazwa juu yake na kulowanishwa kwa epoksi mpaka kigeuke kuwa angavu na mbao ionekane chini yake. Epoksi ni gundi ya vitu viwili, utomvu na kigandishi, vinavyochanganywa kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji. Kuongeza kigandishi ili ikauke upesi ni kosa linalofanywa mara nyingi na watu wenye haraka. Matokeo yake ni gundi isiyokauka kabisa. Ngozi ya mkono isiyofunikwa inaweza kuizoea vibaya epoksi na kuvimba kila ikutanapo nayo tena, hivyo glavu si anasa.

Majira nayo yana neno. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo huifanya epoksi igande kwa uvivu au isigande. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, mbao hunyonya unyevu na uso wa gundi huingia ukungu. Mwenye lupango lenye kivuli cha mita 7 atafanya vizuri kupasua papi na kusimamisha kalibu wakati wa baridi, na kuiweka epoksi Septemba.

Baada ya hapo bwato hugeuzwa, kalibu hutolewa, na upande wa ndani hukwanguliwa na kuvishwa kitambaa vilevile. Hapo maajabu ya mbinu hii huonekana: hakuna taruma hata moja. Mbao ya milimita 6 iliyo kati ya tabaka mbili za kioo hubeba kazi ya mbavu, kwa sababu tabaka la nje na la ndani hupokezana mvuto na mgandamizo kila gamba linapopindwa. Hakuna pia cha kukalafati, kwa kuwa mshono wenyewe umekuwa gundi. Hubaki kufunga kingo mbili, viti, na mti wa kukingama katikati.

6. Mipaka, na maneno yaliyobaki

Isidhaniwe kwamba bwato huu utaondoa mashua ya Kasenga. Hauchukui saruji wala magunia ya muhogo. Haupendi kuburutwa juu ya mawe. Na chombo chepesi penye viboko si cha kujivunia. Kikwazo kikubwa zaidi ni epoksi na kitambaa cha kioo, ambavyo hutoka nje ya nchi na kugharimu kuliko mbao zote. Kwa asiyevimudu ipo njia ya wazee wa Peterborough, yaani kuziweka taruma nyembamba ndani na kuacha kioo. Bwato huwa mzito kidogo, na kalafati hurudi kazini.

Uzito wenyewe unategemea mti. Mwerezi mwekundu unaotumiwa Kanada una kilo zipatazo 370 kwa mita ya ujazo, hivyo mbao ya gamba huwa na kilo 13 hivi na bwato mzima kilo 26 au karibu na hapo. Mulombwa hupita kilo 600; gamba lake litakuwa na kilo zaidi ya 20 na bwato mzima kilo 35. Msonobari wa kupandwa huangukia katikati, na kwa hali ya misitu ilivyo ndio unaopaswa kujaribiwa kwanza.

Kwa upande wa lugha, maelezo yaliyotangulia yamehitaji neno moja tu lililoingia upya na kubadilishwa sauti, yaani epoksi. Kitambaa cha nyuzi za kioo ni fafanuzi, nalo limetosha. Pamebaki penye mashaka. Ukingo umetumiwa hapa kwa mambo mawili, ukingo wa upapi na ukingo wa juu wa bwato, na fundi atachanganyikiwa. Mti wa kukingama ni jina refu mno kwa kitu kinachotajwa mara nyingi. Na kijifereji kilicho katika upapi bila shaka kina jina miongoni mwa maseremala wa pwani wanaotengeneza milango. Afadhali maneno hayo yatafutwe kwa kwenda Lamu, Kasenga na Kilwa ya Mweru na kuuliza, kuliko kutungwa mezani. Orodha ya istilahi iliyotungwa na watu wasiowahi kushika randa husomwa na watu wa aina hiyohiyo.

Neno moja halihitaji kutafutwa. Chombo kikiwa tayari, watu wa pwani hawasemi tu kwamba kimepelekwa majini, husema kimeshuliwa. Kushua jahazi ni kazi ya kijiji kizima, kwa kamba, magogo ya kuviringishia na nyimbo. Kushua bwato wa papi ni kazi ya watu wawili, mmoja omo na mmoja tezi, wakiuchukua mabegani kutoka langoni mwa lupango hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi majini, kafi zikiwa zimelazwa ndani yake.